Ni kweli wakulima wa mpunga ndio tunaokausha Ruaha? Jibu kwa dada wa Ubaruku

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Ubaruku, Mbarali, nalima ekari tatu na maji tunatoa mto Mbarali kwa mfereji. Kila mwaka ikifika Septemba Oktoba redioni ni Ruaha imekauka, viboko wanakufa, umeme utakatika, na lawama zote zinakuja kwetu. Juzi watu wa bonde, wale wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, wamekuja wamesema banio letu, pale tunapogeuzia maji ya mto yaingie mferejini, lifungwe kiangazi chote mpaka mvua. Naomba kuuliza, ni kweli sisi ndio tunaukausha mto? Na wakifunga tunywe nini, ng'ombe wanywe nini, maana huo mfereji ndio bomba letu. Na je kuna namna ya kulima mpunga bila kugombana na mto?

JIBU: Marahaba dada, kamwene sana kutoka hapa Iringa. Swali kama lako naulizwa na watu wa Igurusi, Chimala, Madibira, kila mtu kwa maneno yake, na sioni faida ya kulijibu kwa ndiyo au hapana, kwa hiyo nivumilie nieleze kirefu kidogo.

Nianze na hizo lawama. Mpunga mnaolima masika siyo unaokausha Ruaha. Narudia tena, siyo. Mvua zikiwa zinanyesha, Desemba mpaka Aprili hivi, maji yanayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere ni mengi kuliko mifereji yote ya Usangu, hilo bonde lenu, inavyoweza kuyameza, mito inafurika, maji yanawapita hivi hivi yanaenda zake. Kinachoukausha mto ni kutumia yale maji machache ya kiangazi, ya kuanzia kama Julai mpaka mvua zinaporudi, ambayo tunayaacha yaingie kwenye mifereji wakati majarubani, yaani kwenye vile vipande vya shamba la mpunga, hamna hata mche mmoja. Ukishatenganisha hayo mawili, maji ya masika na maji ya kiangazi, ugomvi mwingi wa Mbarali unapungua wenyewe, shida ni kwamba redioni yanatajwa kama kitu kimoja na mkulima anaonekana mharibifu mwaka mzima.

Sasa utauliza, hayo maji ya kiangazi si ni kidogo tu, yataukaushaje mto mkubwa vile? Hapo ndipo penyewe. Mito yenu inayotiririka mwaka mzima ya maana ni mitano, Ruaha yenyewe, Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera. Mingine kama Mkoji kiangazi ikifika bondeni imeshaisha. Yote inaelekea Ihefu, lile eneo la matete na maji yaliyotuama huko chini Usangu. Na Ihefu ichukulie kama karai pana sana lenye ukingo wa jiwe upande mmoja, na huo ukingo ni mwamba wa pale Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba yanamwagika kwenda Hifadhi ya Ruaha na mto unaishi. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa sentimita chache tu basi, hakuna kinachotoka, mto upande wa pili umekata, ingawa ukisimama ndani ya Ihefu bado unaona maji yamejaa matete. Halafu jua la Usangu Septemba na Oktoba halina mchezo, kwenye maji yaliyo wazi linaondoa milimita sita hivi kwa siku, kila siku, na matete nayo yanakunywa. Kwa hiyo mito inatakiwa kwanza ilipe kile kinachochukuliwa na jua ndiyo kitu kimwagike Ng'iriama, na ndiyo maana yanayoingia yakipungua kidogo, yanayotoka hayapungui kidogo, yanakata kabisa. Mto ambao wazee wanaukumbuka unatiririka mwaka mzima ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993 na tangu hapo imekuwa ndiyo kawaida, miaka mingine wiki kadhaa, miaka mingine miezi. Chini huko viboko wanabanana kwenye vidimbwi, kinyesi chao kinajaa, hewa inaisha majini na samaki wanaelea tumbo juu. Hiyo siyo propaganda ya watu wa hifadhi, ni kweli inatokea na inauma kuiona.

Kwenye umeme lakini mnaonewa. Mtera, bwawa la umeme lililo chini kwenye Ruaha, inajazwa na mafuriko ya masika, haijazwi na kale kamkondo ka Oktoba, na pia inapata maji ya Ruaha Ndogo inayopita hapa Iringa mjini na ya mto Kisigo. Watafiti wa miradi ya SMUWC na RIPARWIN waliokaa Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya mwanzo ya 2000 walilichunguza hili swali, na walichokiona ni kwamba ule mgao wa umeme wa miaka ya 1990 ulitokana zaidi na namna maji ya bwawa yalivyokuwa yanafunguliwa kuliko mifereji yenu. Na siku hizi kuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, wakati Ruaha inachangia kama asilimia 15 tu ya maji ya mto Rufiji, anayebeba mzigo ni Kilombero mwenye asilimia kama 62. Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni akakwambia fungeni mfereji Septemba ili nchi ipate umeme, mwambie kwa heshima kwamba hiyo siyo hoja. Hoja ya kufunga ipo na ni nzito, ila ni hiyo nyingine ya Ng'iriama na viumbe na watu walio chini yake.

Kwa kuwa nimetaja Rufiji ngoja nigusie na hili, maana kwenye vikao vya skimu za umwagiliaji kuna sentensi moja haikosi, kwamba maji tusipoyatumia sisi yanaenda kupotea baharini. Hayapotei. Pale delta ya Rufiji ndiko kwenye mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya Afrika Mashariki, na kamba wachanga wanakulia humo humo kwenye maji ya mto yaliyochanganyika na ya bahari, na tope linaloshuka na mafuriko ndilo linalojenga ardhi ya wakulima wa mpunga wa kule, ambao ni wakulima kama wewe. Mvuvi wa kamba wa Rufiji hakujui na wewe humjui ila mnakula kwenye mto mmoja.

Haya twende banioni kwako mwezi wa tisa, maana jambo lenyewe liko pale. Mto Mbarali umebaki mkondo mwembamba, watu wameupangia mawe na matawi na viroba vya mchanga, maji karibu yote yamegeuzwa yanaingia mferejini, upande wa mto yanabaki yanayochuruzika kati ya mawe. Fuata mfereji. Mita mia za kwanza kina mama wanafua, sawa. Mbele kuna jamaa wanafyatua tofali, wamechimba shimo maji yanajaa. Mbele zaidi ukuta wa mfereji umepasuka, maji yanatoka yanatengeneza dimbwi na bata wanaogelea. Ukiendelea mpaka mwisho unakuta maji yamefika majarubani yanaenea juu ya mabua ya mwaka jana, udongo uliopasuka unayafyonza, hakuna aliyepanda kitu, hakuna anayeyasubiri, yanakaa hapo mpaka jua liyamalize. Hakuna mtu mbaya hapo. Ni mfereji tu haujafungwa kwa sababu hakuna aliyeambiwa ni kazi yake kuufunga, na kwa sababu wote mnaogopa kukosa maji ya kunywa.

Tupige hesabu, na hii hesabu naomba uende nayo kwenye kikao. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka kwake. Tuseme kijiji kina watu 3,000, hiyo ni lita 75,000. Tuseme kuna ng'ombe 1,000 na kila mmoja anywe lita 40, ni lita 40,000. Jumla lita 115,000 kwa siku kwa watu na mifugo yao yote. Sasa mfereji, hata mdogo tu wa lita 100 kwa sekunde, kwa siku unapitisha lita 8,640,000. Yaani unapitisha mara 75 ya kile mnachohitaji kunywa. Mahitaji yenu yote ya kiangazi hayafiki lita mbili kwa sekunde! Na ekari moja iliyofunikwa maji bila kitu, kwa zile milimita sita, inapoteza kama lita 24,000 kwa siku, ambayo ni maji ya kutumia watu zaidi ya 900. Ekari moja, siku moja.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili siyo kufunga kabisa na wala siyo kuacha wazi. Kufunga kabisa bila kuwapa maji mengine ni kosa na mna haki ya kulikataa, maana hiyo hiyo sera ya 2002 iliweka maji ya binadamu mbele ya yote, mazingira yanafuata, halafu ndiyo kilimo na mengine. Mnachotakiwa kudai ni upenyo mdogo. Geti kubwa linafungwa, pembeni yake linawekwa bomba dogo la kupitisha lita mbili au tatu kwa sekunde, na maji hayo yaende kwenye tenki au kisima cha kuchotea karibu na kijiji, yasiachwe yatambae kilomita nne kwenye mfereji wa udongo maana hayatafika, udongo utayanywa njiani. Ukiweka bomba mpaka kijijini ndiyo umemaliza kazi. Mkipata kisima kirefu cha pampu ni bora zaidi na kwa afya ni salama zaidi, maana hayo maji ya mfereji unayotaka kuwapa watoto yameshapita kwa ng'ombe wangapi huko juu. Mifugo ijengewe lambo la maji ya masika au birika la kunyweshea mbali na mto. Na wafyatua tofali waambiwe wafyatue Mei na Juni wakati mto bado una nguvu, hilo halihitaji hata bajeti ya mtu, linahitaji kikao tu.

Kuna jambo moja nalisema na najua halipendwi. Mabanio ya zege yaliyojengwa kuboresha skimu, mengine yameongeza tatizo la kiangazi. Lile banio la asili la mawe na miti lilikuwa linavuja, na kule kuvuja ndiko kulikokuwa kunaubakizia mto maji bila mtu kupanga. Zege halivuji. Ukiweka ukuta wa zege na geti zuri, siku mto umepungua una uwezo wa kuuchukua wote mpaka tone la mwisho. Sisemi yabomolewe, banio la asili nalo kila mafuriko linabebwa na mnarudi kukata miti upya. Nasema banio la zege bila utaratibu wa kulifunga ni hatari kuliko lile la zamani, na kama skimu yenu inaboreshwa sasa hivi dai mapema kwamba kwenye ule ukuta iwekwe nafasi ya chini isiyozibika ya kuuachia mto sehemu yake. Ukisubiri waondoke na mashine zao hutapata.

Sasa mpunga wenyewe. Kinachokula maji pasipo sababu kwenye skimu nyingi za Usangu ni kila mtu kuanza siku yake. Wa juu anaweka kitalu Oktoba awahi bei, wa katikati anaanza Desemba, wa mkiani, kule mfereji unakoishia, anapandikiza Februari au zaidi, na kwa sababu hiyo mfereji unabeba maji kwa ajili ya kila mmoja kuanzia Oktoba mpaka Juni, na huo mwanzo na huo mwisho ndiyo miezi ambayo mto unayahitaji. Mkipanga vitalu pamoja kwa kanda, kanda moja ikichavanga, yaani kuvuruga tope la kupandia, ichavange yote wiki hiyo hiyo na kupandikiza pamoja, msimu unafupika kwa wiki nyingi na wa mkiani anapata mavuno badala ya mabua. Najua wa juu hawapendi kusikia, wao ndio wanaopata ile bei ya mapema, lakini mfereji ni wa wote na hata kusafisha wanasafisha wote.

Kuhusu kilimo shadidi, ndiyo kinafaa na nakishauri, lakini nikwambie na ugumu wake maana kwenye semina wanakwambia mazuri tu. Unapandikiza miche michanga ya siku 8 mpaka 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, halafu huachi jaruba limejaa maji muda wote, unalowesha, unaacha likauke mpaka linaanza kupasuka vijistari, unalowesha tena. Mpunga unachipua sana, mbegu unatumia kidogo na maji yanapungua kweli kweli. Ugumu wa kwanza ni magugu, maji yakiondoka magugu yanafurahi, kwa hiyo bila kile kimashine cha kusukuma cha kupalilia utachoka ukaacha katikati. Ugumu wa pili shamba lazima liwe limesawazishwa, kwenye bonde mche mchanga unazama na kwenye kichuguu unakauka. Ugumu wa tatu ndiyo unaowakwamisha wengi huko kwenu: majaruba mengi yanapokezana maji, yanatoka kwa jirani yanapita kwako yanaenda kwa mwingine, sasa wewe utakaushaje lako wakati mwenzako anasubiri yapite kwako? Huwezi. Lazima kwanza mchimbe vifereji vidogo kila mmoja apate mlango wake, na hapo ndipo umoja wa wamwagiliaji unapokuwa na kazi ya maana kuliko kukusanya ada. Anza na robo ekari moja iliyo karibu na mfereji, msimu mmoja, uone mwenyewe. Mbegu ya SARO 5 inawahi kuliko Supa, na kuwahi ni maji, ingawa najua sokoni Supa ina harufu yake na bei yake, hilo utapima mwenyewe.

Halafu kuna mtego. Mkishaokoa maji, kesho yake mtu anafungua ekari mpya mkiani kwa maji yale yale, skimu inakua na mto haujaongezeka hata ndoo moja. Hili limetokea sehemu nyingi, siyo Usangu tu. Kama lengo ni mto upate, basi kabla ya kubadilisha kilimo andikeni kwenye sheria ndogo za jumuiya kwamba kilichookolewa kiangazi kinabaki mtoni na eneo haliongezwi bila kikao. Bila hiyo karatasi mtakuwa mmejitesa na palizi bure.

Mtaambiwa pia kwamba kosa ni la watu wa milimani wanaokata misitu na kulima vinyungu, vile vibustani vya mabondeni, mpaka kwenye chemchemi. Hawana usafi wote, na sheria ni ile ile kwao, mita 60 kutoka chanzo cha maji au ukingo wa mto shughuli za kudumu haziruhusiwi, na mikaratusi iliyopandwa kwenye mabonde yenye maji inatakiwa itoke na ibaki miti ya asili kama mivengi na mikuyu. Lakini usilitumie hilo kukwepa, kwa sababu Septemba mto Mbarali bado unashuka na maji kutoka mlimani, unafika banioni kwenu ukiwa hai. Wafugaji nao walishahamishwa Ihefu mwaka 2006, na bonde la Usangu likaingizwa Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008 kwa maumivu makubwa kwa watu, na mto umeendelea kukauka. Hiyo peke yake inakuonyesha tatizo halikuwa ng'ombe tu.

Ufanye nini wiki hii? Nenda kwa katibu wa skimu au jumuiya ya watumia maji, omba kuona kibali chenu cha kutumia maji, kile kinachotolewa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009. Wanachama wengi hawajawahi kukiona. Angalia kimewapa lita ngapi kwa sekunde, na uulize kama hiyo namba ni ya mwaka mzima au kiangazi ina namba yake, maana mto unaotolewa vibali kwa kuangalia maji ya masika ikifika Septemba unadaiwa maji usiyo nayo. Halafu pimeni mfereji wenyewe, siyo kazi ngumu: tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita kumi, tupa kijiti katikati ya maji na uhesabu sekunde zinazopita mpaka kifike, pima upana na kina. Watu wa bonde wakirudi msiwapokee kwa kelele, wapokeeni na hizo namba mbili na ile hesabu ya lita 115,000 ikiwa imebadilishwa kwa idadi halisi ya watu na mifugo yenu, na ombi la bomba dogo pembeni ya geti. Afisa akikuta kijiji kimeshapima chenyewe mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Ukishapata vipimo vya kijiti, upana na kina niandikie hapa, nitakupigia hesabu ya lita kwa sekunde na nitakuchorea hilo bomba liwe la inchi ngapi.